Mshahara Hautangulii Mwezi

Mwezi wangu wa kwanza kazini ulipita bila mshahara, na aliyenicheka alikuwa Kija.

Ilikuwa mwisho wa mwezi kwa hesabu ya kalenda. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa wima kwenye kiti changu cha ukarani, nywele nimesuka upya, nikingoja kuitwa. Karakana yetu ilikuwa Mirongo, nyuma ya maduka ya vitambaa, na kazi yake ilikuwa moja tu: karabai, zile taa za presha ambazo wavuvi wa dagaa huziwasha juu ya maji ili dagaa waufuate mwanga. Ziliingia kwetu zimetoboka matangi, pampu zimelegea, vioo vimepasuka. Zilitoka zinanguruma.

Jioni ilipofika na hakuna aliyeitwa, nilimwuliza Kija kama tajiri amesafiri. Kija alikuwa fundi wa pampu, mama wa makamo mwenye mikono ya mafuta na mdomo usiokosa la kusema. Aliweka bisibisi chini, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Wewe uliyesoma," akasema, "toka nje utazame juu. Unaona nini?"

Nikatoka. Juu ya mawe ya upande wa mashariki mwezi ulikuwa umechomoza, mnene, karibu kuwa duara.

"Mwezi," nikasema.

"Umefika wapi?"

"Katikati."

"Basi na mshahara wako umefika katikati. Rudi ukae. Hapa hatulipwi na tarehe."

Wote wakacheka, na mimi nikadhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani. Karakana ile ililipa watu wake mwezi ulipoandama, yaani jioni ile mwezi mpya unapoonekana magharibi kama ukucha uliokatwa. Ilikuwa hivyo tangu enzi za babu wa marehemu mume wa tajiri, na hakuna mfanyakazi aliyekumbuka vingine.

Kesho yake nilikwenda kwa tajiri mwenyewe. Jina lake lilikuwa Shamsha, lakini Mirongo nzima ilimwita Mama Nadim, kwa jina la mwanawe wa pekee. Alikuwa mjane mfupi wa Kiarabu, miwani imefungwa kwa uzi, funguo zimening'inia kiunoni. Alisema Kiswahili kama sisi, na Kisukuma chake cha sokoni kilimtosha kumshinda mchuuzi yeyote kutoka Magu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia nina stashahada ya biashara, kwamba chuoni tulifundishwa mfanyakazi hulipwa kila mwisho wa mwezi, na kwamba mimi sikusomea unajimu.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza mshahara maana yake nini.

Nikajibu: malipo ya mwezi.

"Hiyo ni kazi yake," akasema. "Mimi nauliza neno lenyewe."

Tangu shule ya msingi nilikuwa nakipenda Kiswahili kiasi cha kugombana na walimu walioharibu sentensi, na hapo nikawa sina jibu. Ndipo akaniambia kwamba Waarabu huuita mwezi shahr, kwamba mwezi wa hesabu yao huanza pale mwezi wa angani unapoonekana, na kwamba malipo ya mwezi kwa mwezi waliyapa jina kutoka humo humo. Neno likavuka bahari, likapanda bara pamoja na misafara, likafika ziwani, likawa mshahara. "Huwezi kulitamka," akasema, "bila kuutamka mwezi ndani yake."

Niliondoka pale nikilirudia neno hilo kimoyomoyo kama mtu aliyegundua chumba katika nyumba aliyozaliwa. Ujira naujua: hulipwa kwa kazi iliyokwisha, ukimaliza kuchimba unapewa. Posho naijua: ni ya tumbo, ilikuwa unga kabla haijawa noti. Lakini mshahara peke yake haukutaja kazi wala tumbo. Ulitaja wakati. Wapo wanaoona haya wakiambiwa neno lao limetoka mbali. Mimi sioni. Neno likishapikiwa ugali katika jiko letu vizazi na vizazi, likajua kupanga foleni na kusubiriwa na watoto mlangoni, hilo ni letu, na asiyependa akatafute lake.

Sababu ya babu kulipa kwa mwezi wa angani nilielezwa baadaye, tukinywa chai. Alipofungua karakana, kalenda ilikuwa moja tu, na ilikuwa ukutani kwake. Wafanyakazi wake hawakusoma. Wangejuaje kama ameongeza siku mbili? Wangemwuliza nani? "Akaona haifai," Mama Nadim aliniambia. "Kalenda ni ya tajiri. Mwezi hakuna tajiri anayeweza kuufungia kabatini." Tena wateja wake walikuwa wavuvi wa dagaa, na dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi kwa sababu taa hazishindani na mwezi. Giza lilipokaribia ndipo wavuvi walipokuja mjini kuchukua taa zao, ndipo fedha ilipoingia. Kwa hiyo kila kitu kilikwenda pamoja.

Karakana ilikuwa na sheria mbili juu ya jambo hili. Ya kwanza, mwezi uonwe na mashahidi wawili, mmoja wa upande wa mwenye mali na mmoja wa wafanyakazi. Mawingu yakiziba, siku zikamilishwe thelathini na mtu alipwe jua likizama, kwa maana mwezi wa kuandama hauzidi thelathini. Ya pili, hakuna kulipwa kabla. Sio kwa msiba, sio kwa harusi. Nilipoisikia hiyo ya pili niliiona ni ya ukatili, mpaka Kija aliponieleza. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwa tajiri mwingine aliyependa kukopesha. Kila mwezi ulipokwisha, mshahara wake ulikuwa umekwisha kuliwa, na hakuweza kuondoka kwa sababu daima alikuwa na deni. "Anayekula mwezi haujaandama," akasema Kija, "ukiandama unamkuta ni mtumwa. Hapa nikitaka kuondoka kesho, naondoka."

Miaka ile, katikati ya tisini, viwanda vya umma vilikuwa vinakufa kimoja kimoja. Jirani zetu waliokuwa wanalipwa kwa kalenda waliiona tarehe ya mwisho ikija na kupita kama basi lisilosimama. Sisi tuliotazama mbinguni tulikuwa hatujawahi kukosa.

Hata hivyo Nadim aliona haya. Alisomea uhasibu Dar es Salaam, alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na benki alikokwenda kuomba mkopo walimcheka walipoona tarehe zake za mishahara zinatembea nyuma mwaka mzima kama kaa. Aliniagiza niandae utaratibu mpya, wa mwisho wa mwezi wa kalenda. Mama yake hakumkataza. Alisema tu kwamba yeye akifa, mwezi utakuwa wake Nadim, aufanye atakavyo.

Ndipo likaja jambo la Fundi Paulo.

Paulo Shimba alikuwa fundi mkuu wetu, mtu wa Misungwi, mrefu, mkimya, aliyeweza kusikiliza karabai ikinguruma akakwambia ni kipande gani kinaumwa. Ndiye aliyekuwa shahidi wa wafanyakazi. Macho yake yaliuona mwezi mwembamba kabla ya mtu mwingine yeyote. Wengine walipokuwa bado wanauliza uko wapi, yeye alikuwa amekwisha kushuka kwenye jiwe. Watu wa nje ya karakana pia walimtegemea. Mama wauza uji, wenye vyumba vya kupangisha, hata baadhi ya wenye mitumbwi, wakati wa mawingu waliuliza, "Paulo kasema nini?" na hesabu zao zikaanzia hapo.

Paulo alitaka mashine. Njiani kuelekea Nyegezi kulikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa, na mali yake ilikuwa inapigwa mnada. Humo mlikuwa na mashine ya kukereza vyuma ambayo Paulo aliifanyia kazi ujanani. Biashara huria ilikuwa imetuletea karabai mpya za bei rahisi zilizojaa kila duka, lakini hazikuja na vipuri. Sindano, ule uzi wa chuma unaozibua kitundu cha mafuta, ikikatika, taa nzima inatupwa. Paulo alijua kwamba mwenye mashine ile angeweza kuzitengeneza sindano na vipande vya pampu hapa hapa Mwanza. Angekuwa na karakana yake mwenyewe, Igogo, uwanjani kwake. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa urithi. Kilichobaki kutimia kilikuwa mshahara wa mwezi ule mmoja tu.

Mnada ulipangwa Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Masharti yalikuwa wazi: anayeshinda alipe yote siku hiyo hiyo, la sivyo mali inakwenda kwa aliyemfuata kwa bei. Na mwezi wetu ulitimiza siku ishirini na tisa Alhamisi. Ukionekana Alhamisi jioni, Paulo angelipwa Alhamisi, na Ijumaa angekwenda mnadani amekamilika. Usipoonekana, angelipwa Ijumaa jua likizama, wakati mnada umekwisha na watu wamekwenda zao.

Karakana nzima ilijua. Mama Nadim alijua. Paulo hakumwomba kitu, na yeye hakumpa, kwa maana wote wawili waliiheshimu sheria ile kuliko walivyoheshimiana, na waliheshimiana sana.

Ilikuwa masika. Alhamisi ile tulipanda mawe ya juu ya Mirongo watu watatu: Paulo, Nadim aliyekuwa shahidi wa upande wa mwenye mali, na mimi niliyeletwa na Nadim nijionee, kama alivyosema, benki wanacheka nini. Ziwa lilikuwa la rangi ya risasi. Magharibi mawingu yalikuwa yamepangana kama marobota ya pamba ghalani, na jua lilizama nyuma yake bila hata kuaga.

Tukangoja. Paulo alisimama mikono nyuma, hapepesi macho. Mimi nilimwomba Mungu kimya kimya apasue japo kipande.

Nadim ndiye aliyeanza kusema. "Fundi, umeuona?"

"Bado."

Giza likazidi kidogo. Nadim akasogea karibu yake, akaonyesha kidole mahali ambapo mawingu yalikuwa mepesi kuliko kwingine. "Mimi kama naona kitu pale."

Paulo akatazama. "Pale hapana kitu."

"Fundi, nisikilize. Ukisema umeuona, na mimi nimeuona. Mama hatauliza zaidi. Kesho unakwenda mnadani kama mwanamume. Watu wote wanalipwa leo, wanalala wamefurahi. Niambie anayeumia ni nani."

Sauti yake haikuwa ya hila. Alikuwa anampenda yule mtu. Paulo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli katika uwanja wa karakana, na nadhani siku ile aliona nafasi ya kumlipa.

Paulo aliendelea kutazama magharibi. Aliposema, alisema taratibu, kama anayekaza skrubu asiivunje.

"Nadim, mdogo wangu. Leo nikisema nimeuona, wote wanafurahi, kweli. Lakini mama yako ni mtu mzima, na baada yake mwenye mali ni wewe. Itafika siku mimi nitasema nimeuona, na wewe utasema hujauona. Siku hiyo wale watu watashika nini? Wana jicho langu tu. Nikiliuza leo, kwa jambo langu mwenyewe, nimewauza wao."

Tulibaki pale mpaka weusi wa mawingu na weusi wa maji vikawa kitu kimoja, kisha tukashuka, Paulo mbele.

Wote walikuwa wamesimama karakanani. Mama Nadim alikuwa mezani na kasha la bati, ufunguo umekwisha kuingia kwenye kufuli. Aliuliza kwa maneno yale yale aliyoyauliza kila mwezi.

"Mashahidi, mwezi?"

"Sijauona," akasema Paulo.

Macho yakamgeukia Nadim. Alikohoa. "Hata mimi," akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona vidole vya Mama Nadim vikikawia juu ya ufunguo. Kama angekuwa mtu wa kutuomba tumwongopee, nadhani jioni ile angetuomba. Akauchomoa. "Basi tunakamilisha thelathini," akasema. "Kesho jua likizama."

Kija alinung'unika kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika. Kisha akamwambia Paulo, "Macho yako hayo, fundi, siku moja yatakuua kwa njaa."

"Ndiyo yaliyonilisha mpaka leo," akajibu Paulo, akachukua baiskeli yake.

Nilidhani hataenda mnadani. Alikwenda, na mimi nikaomba ruhusa nikamfuata. Uwanja wa kile kiwanda ulikuwa umeota majani hadi magotini. Pembezoni mwa ukuta walikaa watu waliowahi kufanya kazi mle, wanaume kwa wanawake, hawakuja kununua chochote. Walikuja kutazama vitu vyao vikiondoka. Wengine walikuwa bado wanadai mishahara ya tangu milango haijafungwa.

Dalali alikuwa Mzee Mihayo, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kengele. Badala ya nyundo aligonga kwa chuma gurudumu lililolala karibu yake. Mizani ikauzwa, madawati yakauzwa, mapipa yakauzwa. Ilipofika mashine ya kukereza, walibaki wawili: Paulo, na Obedi, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuja na lori na vijana wa kuikata vipande pale pale. Obedi alipandisha kwa dharau. Paulo alipandisha polepole, kila mara akifumba macho kidogo. Mwishoni Obedi akatema mate akasema chuma kwa bei hiyo akanunue mwenye wazimu. Gurudumu likagongwa. Mashine ikawa ya Paulo.

Lakini kwa muda wa kutoka hapo mpaka kwenye meza ya malipo tu. Alitoa alichokuwa nacho chote, akakipanga mbele ya dalali, na kila mtu akaona hakitoshi.

"Kilichobaki?" akauliza Mihayo.

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Jua likizama. Ni mshahara wangu."

Obedi akacheka mpaka akashika kiuno. Aliuliza ni nani huyo anayelipa mshahara Ijumaa jioni, katikati ya mwezi. Akauliza kama mzee ameajiriwa na majini. Vijana wake wakacheka naye. Akadai mashine kwa bei yake ya mwisho, kwa sababu yeye fedha anayo mkononi, na masharti ni masharti.

Mwanamke mmoja ukutani akasema kwa sauti, "Huyo ni wa karakana ya Mama Nadim. Wale hulipwa mwezi ukiandama."

Mihayo akamtazama Paulo upya. "Jana ilikuwa ishirini na tisa," akasema. Alikuwa mtu wa msikitini, hesabu hiyo aliijua. "Mngeuona jana, ungekuwa umelipwa."

"Ndiyo."

"Shahidi wenu ni nani?"

"Ni mimi," akasema Paulo. "Sikuuona."

Mihayo akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Aliyatazama mawingu, akaitazama ile fedha isiyotosha, akamtazama mtu aliyekuwa amejinyima mwenyewe kwa neno moja. Kisha akamgeukia Obedi.

"Mimi nimekuwa dalali muda mrefu. Nimeahidiwa malipo na viwanda, na vyama, na wakubwa wenye mihuri, nikangoja mpaka nikasahau nilikuwa nangoja nini. Lakini mwezi wa kuandama wenye siku thelathini na moja sijawahi kuusikia. Masharti yanasema siku ya mnada. Siku haijaisha."

"Mzee, unamngoja mtu kwa ajili ya mwezi?"

"Namngoja mtu kwa ajili ya mshahara," akasema Mihayo. "Wewe ukitaka, ngoja nami. Mshahara wake ukikosekana, chukua mashine."

Obedi akapanda kwenye bodi ya lori lake, akakaa kungoja. Mimi nikapanda nyuma ya baiskeli ya kijana wa pale, nikarudi Mirongo kumweleza tajiri.

Mama Nadim alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alitazama nje, jua lilikuwa juu bado. Nikamwambia, mama, ni saa chache tu, mpe sasa nimpelekee.

"Mshahara hautangulii mwezi," akasema.

Nilikaribia kumtukana. Lakini alikuwa ameshalichukua kasha la bati, akaliweka kwapani. "Ila hakuna sheria inayosema lazima watu walipwe Mirongo," akasema, na akamwita Nadim alete gari.

Tulipanda wote nyuma ya pikapu, Kija akiwa na mikono ya mafuta vilevile. Tulipofika, Mama Nadim alisalimiana na Mzee Mihayo, akauliza hali ya nyumbani kwake, akakaa juu ya kitako cha mizani ya pamba na kasha mapajani. Halafu akatulia. Jua lilikuwa limeingia mawinguni. Obedi akamwambia kutoka juu ya lori kwamba jua limekwisha kuzama, alipe watu wakalale. Mama Nadim alibaki na mikono juu ya kifuniko, akisubiri adhana. Nadim alikuwa amesimama nyuma yake, na sasa ndiye aliyekuwa anatazama magharibi kuliko sisi wote.

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka mbali. Mama Nadim akafungua kasha.

Karakana yetu hulipa kuanzia aliyeingia mwisho, ili mgeni asione kwamba ameachiwa makombo. Kwa hiyo wa kwanza nilikuwa mimi. Akafuata mchomeleaji, wakafuata wa vioo, akafuata Kija aliyehesabu noti zake mara mbili kwa makusudi, huku Obedi akigonga bodi ya lori kwa kiganja. Hakuna aliyerukwa, hakuna aliyeharakishwa. Na pale ukutani wale watu wa kiwanda walikuwa wamesimama, mmoja mmoja, bila kuitana. Walitazama mkono ukitoa na mkono ukipokea. Mzee mmoja alisema, si kwa mtu yeyote, "Kumbe mshahara bado upo." Hakuna aliyecheka.

Paulo alikuwa wa mwisho. Mama Nadim alimpa kwa mikono miwili, na Paulo akapokea kwa miwili. Walitazamana. Yeye alijua anamlipa fundi anayeondoka, na alimlipa senti kwa senti, siku ile ile iliyoandikwa mbinguni.

Paulo alikuwa anakwenda mezani pale mawingu yalipopasuka. Ulikuwa upenyo mdogo, juu kidogo ya mahali jua lilipozamia, na ndani yake mwezi. Haukuwa ukucha. Ulikuwa mnene, umeinuka, unang'aa kwa kujiamini.

"Huo si wa leo," akasema Kija. Alikuwa ametazama miezi mingi mno kudanganyika. "Mnene hivyo? Huo ni wa jana."

Wote tulijua kwamba ni kweli. Ulikuwa pale jana nyuma ya mawingu, wakati sisi watatu tumesimama juu ya jiwe. Nikamtazama Nadim, alikuwa amemtazama Paulo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejifunza kitu ambacho hakikuwamo katika uhasibu.

Obedi aliteremka kwenye lori, akaja mpaka mezani. "Umesikia, mzee? Jana ulikuwepo. Ungesema tu umeuona, na ungekuwa umesema kweli."

Paulo alikuwa anapanga noti za mshahara wake juu ya zile za mwanzo, mbele ya dalali. Alimaliza kupanga.

"Pengine ulikuwepo," akasema. "Mimi sikuuona."

Mihayo akahesabu, akatikisa kichwa kukubali. Paulo akaitazama mashine yake, nzito, yenye kutu, imezama kwenye majani. Kisha akamgeukia Obedi, akamwuliza kwa heshima angemtoza kiasi gani kuibeba kwa lori mpaka Igogo.